Itatosha kwa Mzunguko Mmoja

Sharja, 19 Julai 2024

Kwa mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu, mama, nikiomba barua hii ikukute presha imeshuka na usingizi umeanza kurudi. Mimi ni mzima wa mwili. Huku jua limekuwa kali hata chuma cha ngazi hakishikiki, lakini kwa kuwa kazi yenyewe ni kutengeneza mitambo ya baridi, napata hewa kidogo kabla ya kupelekwa paa jingine.

Nimeona afadhali tuandikiane. Tukipigiana simu wewe walia, mimi nalia, na wenzangu wa chumba wanageukia ukuta ili wasinitazame, kisha muda unakwisha hatujaambiana neno. Nawe niandikie kwa mkono wako kama ulivyozoea, Swafia aipige picha aitume.

Uliniuliza kwa nini sikuja kumzika babangu. Nilikwenda ofisini siku ile ile. Pasipoti yangu imo katika kasha la meneja. Meneja mwenyewe alinipa pole, akanimiminia maji, akasema mkataba wangu hauna likizo mpaka mwakani na nikiondoka bila ruhusa nitahesabiwa mtoro. Nikamwambia, "Babangu yuwazikwa leo." Akaniambia hata wake yeye alizikwa na watu wengine. Aliyasema bila ubaya wowote, nami nikakosa pa kumshika. Nikarudi kazini, nikamaliza zamu.

Mama, wewe ulikuwa nyumbani. Mimi nilikuwepo. Baba alinipigia simu ya picha kutoka Kibarani ili nione ndege yake mpya ya rimoti ikiruka, maana nilikuwa na nafasi kidogo kabla basi la kampuni halijatuchukua. Yeye alishika simu, mwanafunzi wake Kyalo akashika rimoti. Niliiona ikipanda. Niliyaona magurudumu yakijikunja tumboni kama alivyoniahidi. Kisha nikaiona ikiinamisha kichwa na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye mikoko, na Kyalo amesimama na rimoti mikononi, mdomo wazi. Baba akaiweka simu chini. Nikabaki naona mbingu tu, na nasikia sauti ya baba akisema, "Ngoja niifuate, maji bado." Halafu simu ikakatika.

Nimewaambia wote kwenye kundi la ukoo, na wewe nakwambia. Kyalo ndiye aliyeiangusha. Na baba aliponasa topeni maji yakijaa, nasikia yeye alibaki nchi kavu. Ndege ikianguka niliiona kwa macho yangu. Mtu aliyekula kwetu kila Idi. Nakuomba asikanyage tena kizingiti chetu.

Mwanao,
Zaki


Mombasa, Mji wa Kale, 2 Agosti 2024

Kwa mwanangu Zaki,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba mwanangu, marahaba tena. Presha inapanda na kushuka kama kuku bandani, lakini nala, naswali, nalala kidogo. Ami yako Jamaldin akusalimu, na mkewe Swafia akusalimu zaidi, maana ndiye anayeshinda nami tangu asubuhi.

Kukaa eda nilikujua kwa kuwaona wengine. Sasa najua kwamba nyumba huwa fupi. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila uturi wala wanja, na ngazi ile inateremka mpaka mlangoni kisha inanirudisha juu. Wageni wamepungua. Kutwa nasikiliza watu wakipita chini na mazungumzo yao, na kila yanapofika penye utamu wameshapita kona. Nimekuwa kizuka kweli.

Kuhusu Kyalo, alikuja. Hukuambiwa. Siku ya tatu ya matanga alifika barazani na mkewe Rosebella, nami nilikuwa juu karibu na dirisha. Nilimsikia ami yako akimwambia, "Hapa pana watu waliofiwa. Wewe nenda kwenu." Nilisikia kitu kikiwekwa barazani, kisha viatu vikiondoka. Swafia aliposhuka alikuta rimoti ya babako imefungwa vizuri ndani ya leso. Tangu siku hiyo hajarudi, na naambiwa kule Majengo anakokaa, hata dukani watu humnyamazia.

Sikukuandikia ili nikubishie. Wewe uliona, mimi sikuona. Lakini liko jambo nataka unieleze.

Ndege iliteremshwa kavu kutoka matawi ya mikoko, bawa moja limevunjika, na Jamaldin akaitia katika chumba cha juu cha babako akafunga mlango. Ufunguo ninao mimi. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaingia. Vyote viko kama alivyoviacha, hata kikombe cha kahawa kikavu. Na juu ya meza chaja ilikuwa bado imechomekwa ukutani, taa yake ya kijani yawaka, na betri ndogo iko juu yake. Ni ile iliyofungwa kwa plastiki ya buluu, seli zake zimepangwa kama vidole. Babako aliibandika karatasi kwa hati yake, RISIVA.

Risiva ni nini, Zaki, na kwa nini betri yake ilibaki nyumbani?

Mamako,
Mwanatumu


Sharja, 9 Agosti 2024

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nashika miguu. Namshukuru Mungu kwamba wala chakula, na Swafia mwambie sitousahau wema wake. Mimi niko vile vile. Mwenzetu mmoja, Mganda, ameanguka na joto akapelekwa kwao. Sasa tunamwonea wivu mtu mgonjwa.

Sikupenda kuulizwa swali lako, lakini nitalijibu.

Risiva ndiyo sikio la ndege. Ni kile kisanduku kidogo kama cha kiberiti kilichomo kifuani mwake. Rimoti ikisema, risiva inasikia, kisha inaziamrisha sevo. Sevo ni vile vijimota ulivyokuwa ukiviita nyenje kwa sababu ya mlio wao, vinavyogeuza mkia na mabawa na kukunja magurudumu. Hivi vyote vinataka umeme. Katika ndege ndogo umeme huo huchotwa kwenye betri kubwa ya mota, kupitia waya mwembamba, na unatosha. Katika ndege kubwa yenye sevo nyingi hautoshi. Sevo moja hunywa kidogo, lakini zikivuta zote pamoja, na upepo wa kusi unazisukuma, huunywa umeme wote na risiva ikabaki na kiu. Ikizimika hata kwa kupepesa macho kidogo tu, ndege ni kiziwi. Unaweza kusukuma vijiti vya rimoti mpaka uchoke, haikusikii. Ndiyo maana kwa ndege kama ile baba huipa risiva betri yake peke yake.

Lakini baba hakuwa mtu wa kusahau. Hiyo uliyoiona itakuwa ya akiba.

Ukitaka kuhakikisha, ufanye hivi, na Swafia awe nawe. Kwanza mfungue rafadha, ile feni ya mbele, muitoe kabisa, kwa sababu mota ikijiwasha hukata vidole. Kisha uchaji betri kubwa. Ufungue kifuniko cha kifua uangalie ni waya upi umeingia kwenye risiva. Usichomoe kitu. Uwashe rimoti, halafu uchomeke betri kubwa, utaona taa ndogo ya kijani kwenye risiva. Swafia akandamize mkia na bawa zima kwa viganja, kama upepo unavyofanya, nawe usukume vijiti vyote pamoja na kubonyeza swichi ya magurudumu. Taa ikibaki kijani, hakuna kilichoharibika ila mkono wa Kyalo.

Naamini itabaki kijani.

Mwanao,
Zaki


Mombasa, 15 Agosti 2024

Mwanangu Zaki,

Waalaykum salaam. Marahaba. Natumai barua hii itakukuta umekaa chini. Kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Tulifanya jana baada ya adhuhuri. Swafia alinicheka mwanzo, akasema mwanamke wa eda na bisibisi hajawahi kuonwa mji huu. Rafadha tuliitoa. Kifuniko nikakifungua mwenyewe. Waya ulioingia kwenye risiva ni ule mwembamba utokao kwenye mota. Na kando yake upo waya mwingine mwekundu na mweusi wenye plagi ya buluu, buluu ile ile ya betri iliyoko kwenye chaja, umening'inia, mdomo wake haukushika kitu. Nilimwita Swafia atazame naye, nisije nikaambiwa ni macho ya huzuni.

Nikawasha. Taa ikawa kijani. Nyenje wakalia wote kwa pamoja na nikashtuka, kwa sababu nyumba hii haijasikia mlio ule tangu siku ile. Swafia akakandamiza mkia kwa mkono mmoja na bawa kwa mwingine. Nikasukuma vijiti, nikabonyeza swichi. Magurudumu yakaanza kujikunja, yakafika nusu, yakasimama. Nyenje wakanyamaa. Taa ikazimika, Zaki. Nilizidi kusukuma vijiti na hakuna kilichotikisika. Kisha taa ikarudi nyekundu, ikapepesa, ikawa kijani, na vitu vikaanza kutembea tena kana kwamba hakukuwa na neno.

Tulirudia. Ikazimika tena. Halafu nikafanya ambalo hukuniambia. Nilichomoa ule waya wa mota, nikachomeka betri ya buluu mahali pake, Swafia akakandamiza mpaka jasho likamtoka. Taa haikucheza.

Kwa hivyo Kyalo hakuiangusha. Alikuwa ameshika rimoti inayosema na ndege isiyosikia. Uliyoyaona ni kweli uliyaona, ila yalikuwa nusu.

Na nusu nyingine naijua mimi. Siku ile babako alitoka hapa mbio, hata kofia akaisahau akarudi. Nikamwambia, "Gharib, kwani wakimbilia nini?" Akasema maji yatajaa, ni bamvua. Akabeba ndege, na betri akaiacha. Sijui alipofika kule kama alijua. Najua tu kwamba tangu jana nimemkasirikia. Nakaa eda ya mtu niliyemkasirikia, ndani ya nyumba yake, na sina hata pa kwenda kutembea hasira zipoe.

Nijibu.

Mamako,
Mwanatumu


Mombasa, 12 Septemba 2024

Mwanangu Zaki,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo. Sijui hali yako. Swafia yuwaona alama kwamba barua yangu umeisoma, basi najua u hai na una macho. Zaidi ya hapo sijui, na sikulaumu. Nami ilipozimika taa ile nilinyamaa siku nzima.

Yako yaliyotokea ambayo yataka uyajue.

Nilimwambia ami yako Jamaldin. Nilimwonyesha waya. Alitazama muda mrefu, kisha akafunga kifuniko polepole kama anayefunika uso wa mtu. Akasema, "Shemegi, wataka watu waseme ndugu yangu alijiua kwa uzembe?"

Nikamwambia, "Nataka waache kusema Kyalo amemuua."

"Kyalo yu hai, atavumilia. Gharib hawezi kujitetea." Kisha akasema mwana wa marehemu mwenyewe ameshuhudia mbele ya ukoo mzima, na mimi ni kizuka, nina majonzi, nisubiri nitoke eda tutazungumza. Ufunguo wa chumba cha juu akaniomba. Sikumpa.

Basi nikamtuma Swafia kwa siri aende Majengo amwite Kyalo. Alikuja mchana, wakati ami yako yuko dukani. Mimi nilikaa juu kwenye ngazi nyuma ya pazia, Swafia kidato cha chini, na Kyalo akasimama dakani, pale mlangoni. Hakutaka kuingia zaidi.

Nikamwuliza, "Kyalo, siku ile betri ya risiva mulikwenda nayo?"

Akasema, "Mama, hayo yamepita."

"Hayajapita. Nijibu."

"Nilimwuliza tukifunga mabawa," akasema. "Aliniambia ameisahau kwa chaja. Nikasema turudi tuichukue. Akaangalia saa, akasema tukirudi mjini Zaki atakuwa ameingia kazini, na hana nafasi nyingine mpaka sijui lini. Akasema ile ya mota itatosha kwa mzunguko mmoja. Mimi nikasema basi, mwalimu. Nikarusha."

"Na alipoingia mikokoni?"

"Nilimfuata. Sijui kuogelea, mama, mimi ni mtu wa Makueni. Tope lilinishika kiunoni. Nilimwona mbele yangu, amekumbatia mti, ananiambia rudi, rudi ukaite watu. Mimi mwenyewe nilivutwa na watu kwa kamba. Waliponitoa, maji yalikuwa yamempita."

Swafia alikuwa akilia kimya kimya. Nikamwuliza kwa nini hakusema haya tangu siku ya kwanza.

"Ningemwambia nani? Nisimame matangani niseme ni yeye alikosea? Alinifundisha mchezo huu tangu nilipoletwa hapa na kazi ya reli, siku ambayo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye katika mji huu. Na tena nikisema, kijana atajua baba yake alikuwa anakimbilia saa yake. Nikaona afadhali wanikasirikie mimi. Mimi si wa hapa, hata nikichukiwa nina kwetu."

Zaki, nimekuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu ungekuja kuyajua, na ni heri uyajue kwangu. Sasa nisikilize. Wewe uliomba kuiona ndege. Mtoto huomba. Aliyepima umeme ni mtu mzima mwenye mvi, na alipima vibaya kwa sababu alikuwa na hamu nawe. Usiibebe kama hatia. Ibebe kama mapenzi, ijapokuwa najua uzito ni ule ule.

Lakini Kyalo naye amebeba lisilo lake. Neno lako ndilo lililomfunga na ni lako pekee litakalomfungua. Mpigie. Kisha waambie watu wa ukoo.

Mamako akupendaye,
Mwanatumu


Sharja, 4 Oktoba 2024

Mama,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Nisamehe kukuweka kimya muda wote huu. Mzima niko.

Nilizisoma barua zako zote mbili siku zilipofika. Ile ya pili niliisomea juu ya paa la jengo la ghorofa nyingi, na msimamizi akaniuliza kwa nini nimekaa juani. Nilishindwa kumweleza kwa lugha yoyote.

Nilikwenda tena kuomba pasipoti. Mara hii sikuomba likizo, niliomba kuacha kazi. Meneja akasema kuacha pia kuna muda wake. Nikamwuliza, "Kwa hivyo siwezi kukaa wala kuondoka?" Akasema naweza kukaa.

Mama, nimeshika simu mara nyingi. Namba ya Kyalo ninayo. Naiandika yote, kisha naifuta. Nikimpigia nitamwambia nini? Kwamba nilimwita muuaji mbele ya watu, nikawa nalala vizuri kwa sababu ya kumchukia? Ndiyo ukweli. Kabla ya barua yako nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, na hasira ilinipa nguvu ya kuamka. Sasa nikifumba macho naona baba anatazama saa. Afadhali ile mbingu tupu.

Na kwenye kundi la ukoo ndiyo sithubutu kabisa. Ami ameniandikia. Amesema nikibadilisha ushahidi wangu nitamfanya marehemu kuwa mzembe na mimi kuwa mwongo, na kwamba mamangu ana huzuni nisimsikilize sana.

Nimefungwa kila upande. Huku nimefungiwa na kampuni, huko nimejifunga mwenyewe. Nipe muda. Usinisukume.

Mwanao,
Zaki


Voi, 16 Novemba 2024

Kwa mwanangu Zaki,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yangu njema, alhamdulillah, ila miguu imevimba kwa basi. Sikukusukuma, kama ulivyoniomba. Nimekupa muda mpaka eda yangu ikaisha, na juzi imeisha.

Umesoma sawa. Niko Voi.

Asubuhi ya kutoka eda walikuja wanawake kunitoa kama ada. Nilioga, nikavaa nguo ya rangi, nikafukizwa udi, na nilipofunguliwa mlango nilisimama dakani nikaona jua la njiani limenijia usoni bila ruhusa ya mtu. Ami yako alikuwa barazani. Akaniuliza wapi nitakwenda kwanza, kaburini au kwa dadangu. Nikamwambia nitakwenda kaburini, kisha Majengo. Hakunizuia. Nadhani alijua nitakwenda tangu siku ile aliponiomba ufunguo.

Kaburini nilimwambia babako nimekasirika naye na nimemsamehe. Nilimwambia yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli. Nikatoka hapo mpaka Majengo na Swafia, tukagonga, akatoka mwanamke nisiyemjua, kitambaa cha kupigia deki mkononi. Akasema waliokuwa wakikaa hapa wamehama tangu mwezi uliopita. Mwanamume aliomba mwenyewe kupelekwa Voi. Majirani hawakuwa wakizungumza naye, akasema, na watoto wake walitengwa mtaani na shuleni sawasawa, hata hawakujua ni kwa nini.

Nilikaa juu ya ngazi ya nyumba ya watu nikahisi nimechelewa. Mwanangu, nilingoja nitoke eda ili niwe huru, na siku nilizokaa nikingoja ndizo zilizomhamisha. Swafia akaniambia turudi nyumbani. Nikamwambia nyumbani nimeshakaa.

Leo tumepanda basi alfajiri. Ami yako ndiye aliyetusindikiza mpaka kituoni, amekunja uso, kabeba mkoba wangu. Alisema neno moja tu: "Mwambie nilimfukuza mimi, si nyumba." Nikamwambia atakuja kulisema mwenyewe. Akasema, "Insha Allah," na safari hii nadhani alikusudia.

Nyumba za reli ziko nyuma ya stesheni. Rosebella alipotuona na mabuibui yetu alirudi nyuma, akamwita mumewe kwa sauti ya kuogopa. Walidhani tumekuja kwa shari. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kuomba radhi, na sikubali kukaa mpaka nimeiomba." Nikaiomba hapo hapo mlangoni, majirani wakisikia, nikataja jina la babako na alivyosahau na alivyoharakisha. Ulimi ulikuwa mzito lakini ulikwenda. Kyalo alinishika mikono akaniingiza ndani.

Ametusamehe sisi. Alisema hana neno na mimi, wala na Gharib, wala na Jamaldin. Tumekula ugali na kuku, Swafia ameshafanya urafiki na watoto. Kisha nikamwuliza, "Na Zaki?"

Akatazama mlango. Akasema, "Mama, Zaki ndiye aliyeniona. Wengine waliambiwa. Yeye aliniona kwa macho. Mimi ningependa kusikia sauti yake tu, hata asipoomba msamaha. Aniulize ilikuwaje, nimwambie. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa pale na sisi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mulikuwa watatu, Zaki. Mmoja amekwenda. Nyinyi wawili mumebaki na siku ile, kila mmoja anaishi nayo peke yake, mmoja Sharja na mmoja Voi, na wote wawili hamulali.

Pasipoti yako siwezi kuitoa kwenye kasha, na ningeweza ningelivunja kwa mikono yangu. Lakini hili halimo kasha la meneja.

Nakuandikia kwenye meza ya Kyalo. Swafia ataipiga picha barua hii sasa hivi, na alama ya kusomwa tutaiona. Tunalala hapa leo. Simu yangu iko mbele ya Kyalo, sauti nimeiongeza mpaka mwisho. Ameacha kujifanya anasoma gazeti.

Piga, mwanangu.

Mamako,
Mwanatumu